Talaka Niliyoitoa Ili Nirudi Nyumbani

Wewe uliyeokota gazeti hili leo tu, nikuweke sawa haraka, maana habari yenyewe si ya kujivunia.

Jina langu Hashimu. Mimi ni mshenga. Ndoa kumi na tisa nimezipelekea posa na kuzirudishia jibu, kuanzia Mlali hadi Morogoro Mjini. Ya ishirini ilikuwa ya binti yangu mwenyewe, Raya. Mikidadi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Dakawa, alinituma nimtafutie mke. Nikatafuta, nikazunguka, nikamletea mwanangu. Posa niliileta mimi na kuipokea mimi. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Mikidadi alikuwa anampiga. Raya alikimbilia kwetu mara tatu, na mara tatu nilimpandisha bodaboda kumrudisha Dakawa. "Vumilia, mwanangu. Ndoa ndivyo zilivyo." Safari ya tatu nilimrudisha asubuhi, jioni ikaja simu kwamba mkono wake umevunjika.

Mke wangu Mwamvita hakunigombeza. Alitoa nje godoro langu, redio yangu na sanduku la kanzu zangu, akafunga mlango.

Nyumba niliijenga mimi, tofali kwa tofali. Ila kiwanja ni cha ukoo wa mama yake Mwamvita. Huku kwetu chini ya milima ya Uluguru wanaume wengi tunaishi hivyo, tumejenga kwa wake zetu na tunalima mashamba ya wajomba zao. Mambo yakiharibika, anayebeba godoro ni mwanaume.

Mwamvita akaenda kunishtaki baraza la kata, lile linalosuluhisha ndoa. Baraza likaniita mara tatu, na mara tatu nikaingia mitini.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, nikiwa najiona mjanja. Haya, tuendelee.

* * *

Ile mbinu ya kutokwenda barazani niliivumbua mimi. Wanaume wa Mlali wakiitwa walikuwa wananifuata, nami nawafundisha. Wito wa kwanza, sema una homa. Wa pili, sema una msiba. Wa tatu, safiri. Mwanamke atachoka. Mama yake atamwambia avumilie, kaka zake watamwambia anawatia aibu, na baada ya miezi miwili utamkuta jikoni anakoroga ugali. Nyumba saba niliziokoa hivyo. Nilidhani nimeziokoa.

Kwa hiyo Jumatatu ile nilikwenda ofisi ya baraza kifua mbele. Nilitaka tu nisikie kwamba shauri limefutwa.

Mwenyekiti ni Mwalimu Filomena, mwalimu mstaafu, aliyefundisha nusu ya watu wa Mlali kusoma. Nilimkuta anaandika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hashimu. Homa imepona?"

"Homa gani?"

"Ya wito wa kwanza."

"Aa, hiyo. Imepona, Mwalimu."

"Na marehemu mmemzika?"

"Tumemzika."

"Pole. Na safari umerudi salama, nakuona. Kaa. Umechelewa siku nne."

Nikakaa. Kifua kilianza kurudi ndani.

"Alhamisi nilimpa mkeo fomu namba tatu," akasema. "Nimeandika kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Anaweza kwenda nayo mahakamani."

"Limeshindwaje, Mwalimu, na sisi hatujakaa hata siku moja?"

"Limeshindwa kwa sababu hamjakaa. Ulitaka nimsuluhishe mkeo na kiti?"

"Lakini wale wengine, wakina... wale wengine mbona..."

"Wale wengine uliowafundisha wewe?" Akavua miwani. "Unadhani sijui? Hashimu, wale wake zao walikuwa hawajui kama kuna fomu. Wakija hapa nikiwaambia subirini, wanasubiri mpaka wanakata tamaa. Siku hizi wanakuja na kifungu cha sheria wamekiandika kiganjani. Wiki iliyopita alikuja binti mdogo, ana mtoto anayenyonya. Nikaanza nasaha. Akaniambia, Mwalimu, samahani, nasaha nimepewa na mama mkwe, na shangazi, na shehe. Wewe nipe fomu."

"Ukampa?"

"Mume hakuja mara tatu. Nikampa."

Nikamuuliza kile ambacho kila mwanaume anauliza. "Nini kimewaingia hawa wanawake, Mwalimu?"

"Hakuna kilichowaingia. Woga umewatoka." Akarudisha miwani. "Nenda ukamwone mkeo. Si mimi wa kumwona tena."

* * *

Sikwenda kumwona mke wangu. Ningekuwa mtu wa kwenda kumwona mke wangu, nisingekuwa naandikwa gazetini.

Nilikwenda mjini kwa Twalibu. Twalibu ni fundi cherehani pale Mji Mpya, na chumba cha nyuma ya kiwanda chake ndiko nilikokuwa nalala tangu nitolewe, katikati ya vitambaa vya suti za watu wanaooa. Kila asubuhi naamka na kitambaa cha bwana harusi kichwani. Siwezi kukaa, siwezi kulala. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, nikitoka sijui ninakwenda wapi, narudi. Twalibu mwenyewe alikuwa ameshaanza kunichoka.

Nilimweleza habari ya fomu. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, kisha akasimamisha mashine.

"Mpe talaka moja," akasema.

"Umerukwa na akili? Nakwambia sitaki aniache, wewe unaniambia nimwache?"

"Nisikilize. Talaka moja ni talaka rejea. Mwanamke akipewa talaka rejea, eda anakaa wapi?"

"Nyumbani kwa mumewe."

"Muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Mume anaruhusiwa kuwemo?"

"Anaruhusiwa. Na akitaka kumrejea anamrejea wakati wowote."

"Sasa?" Twalibu akafungua mikono.

Nilikaa chini juu ya robota la vitambaa. Sasa! Mwamvita kanifungia mlango kama mume. Nikimpa talaka, dini yake na yangu inaniambia nirudi nikakae naye eda ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Miezi mitatu paa moja. Nitachota maji. Nitapasua kuni. Nitamchekesha, maana kumchekesha nilikuwa naweza. Akilainika, nasema neno moja tu, nimekurejea, na mambo yamekwisha.

"Twalibu, wewe ni mtu hatari," nikasema.

"Nimeacha mara mbili mimi. Najifunza."

Ilibidi hapo hapo nijiulize kwa nini mtu aliyeachana mara mbili ndiye mshauri wangu wa ndoa. Sikujiuliza. Nilitafuta kalamu.

Nawaambia ukweli. Barua za ndoa nimeandika nyingi, lakini sikuwahi kuandika jina la Mwamvita na neno hilo kwenye mstari mmoja. *Mwamvita binti Saidi, nimekuacha talaka moja.* Miaka ishirini na saba tumekaa. Nampenda yule mwanamke. Niliandika kwa sababu nampenda, na hata sasa nikilisema naona lilivyo la kijinga.

Twalibu akatia saini, shahidi wa kwanza. Muuza vitenge wa jirani akatia saini, shahidi wa pili, akanipa na pole.

* * *

Nililifunga godoro nyuma ya pikipiki. Ndiyo, nililichukua godoro kabisa. Dereva wa bodaboda, baba mtu mzima, akaniuliza kama nahama.

"Narudi nyumbani," nikamwambia.

Mwamvita alikuwa kibarazani na ungo wa maharage. Pembeni yake alikaa Cecilia, yule binti msaidizi wa kisheria anayepita vijijini kuwafundisha watu sheria. Nilikuwa namjua. Wanaume wa Mlali tulikuwa tunamwita Mvunja Nyumba, akiwa hayupo.

"Shikamoo, mzee," Cecilia akasema.

"Marahaba." Nikatia huzuni usoni. Nikampa Mwamvita barua kwa mikono miwili. "Mama Raya, imebidi. Pokea."

Akapangusa mikono kwenye kanga, akaifungua, akasoma. Akasoma tena. Nilikuwa namwangalia machozi. Sikuyaona.

"Umeandika mwenyewe, baba Raya?"

"Mwenyewe."

"Mashahidi?"

"Wawili. Majina yao hayo."

"Tarehe?"

"Ya leo hii."

Akampa Cecilia. Cecilia akaisoma haraka haraka, halafu akamtazama mke wangu kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza.

"Mama Raya, hii ndiyo iliyokuwa imebaki."

"Imebaki nini?" nikauliza.

"Mzee, ninyi ndoa yenu ni ya Kiislamu," Cecilia akaniambia, kwa adabu zote. "Baraza likishaandika kwamba limeshindwa, halafu baada ya hapo talaka ikatolewa, mahakama inahesabu ndoa imevunjika. Bila talaka yako, mama angetakiwa athibitishe makosa yako moja moja, na ungeweza kubisha hata mwaka mzima. Sasa umemrahisishia."

Nikahisi jua limenipiga utosini.

"Mimi sikukusudia kumwacha!"

"Ulikusudia nini?" Mwamvita akauliza.

"Kurudi nyumbani!"

Dereva wa bodaboda alicheka mpaka akashika usukani. Alikuwa bado hajanishushia godoro.

"Nimekurejea!" nikapiga kelele. "Mbele ya mashahidi, nimekurejea, Mwamvita! Talaka imekufa!"

Mwamvita akamgeukia Cecilia. "Nimerejewa?"

"Hilo muulizeni shehe," Cecilia akasema. "Mimi ni Mkatoliki."

Jamani, nilitamani kulia na nilitamani kucheka. Nikakaa kwenye ngazi ya kibaraza changu, kibaraza nilichokisakafia mimi, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

* * *

Cecilia alikuwa na akili. Alisema anakwenda kumwona jirani, akatuacha. Dereva akaenda kukaa kivulini.

"Mwamvita, unataka nini?" nikamuuliza. "Niambie. Mimi sijakupiga hata siku moja."

"Hujanipiga."

"Sina mwanamke nje."

"Huna."

"Sasa?"

Akaendelea kupembua maharage. Mabovu huku, mazima huku.

"Mimi mama yangu aliniambia nivumilie," akasema. "Miaka yote unashinda kwenye nyumba za watu kuwapatanisha, yangu unakuja kulala. Nikavumilia, sikufa. Sikuona shida. Lakini wewe ukamwambia mwanangu avumilie, Hashimu. Mara ya tatu nilikushika mkono pale njiani, nikakwambia usimrudishe. Ukaniambiaje?"

Nilikumbuka. Sikutaka kusema.

"Ukaniambia, watu watasema mshenga kashindwa kwake."

"Nilikosea."

"Najua ulikosea. Huo mkono hauwezi kunyooka vizuri tena, daktari kasema." Akaweka ungo chini. "Alhamisi ni kesi ya Raya. Mikidadi hataki kumwacha, na anasema hajampiga. Anasema alianguka na ndoo ya maji. Mimi nitasema nilivyoona, watasema mama anamtetea mwanawe. Lakini wewe ndiye uliyemwoza. Alikuja kwako mara tatu, akakuonyesha alama, ukamrudisha. Nenda ukasimame useme hivyo hivyo."

"Mbele za watu?"

"Mbele ya hakimu."

"Mwamvita, nikisema hivyo nani atanituma posa tena?"

"Hakuna."

Akalisema kama anayeniambia mvua imekatika.

"Ukisema," akaendelea, "karatasi zako zote nitaziweka, sitazipeleka popote. Shehe atatuambia hiyo rejea yako ikoje, na godoro lako utaliingiza ndani. Usiposema, godoro ulishalifunga vizuri. Usilifungue."

Nilimwangalia mke wangu. Mkono wake ulikuwa na vumbi la maharage. Nikajua kwamba nikilikosa kibaraza hiki, sina kwingine ninakotaka kukaa duniani.

"Nitasema," nikamwambia.

Kwa mara ya kwanza tangu mkono wa Raya uvunjike, aliniuliza kama nimekula.

* * *

Alhamisi nilifika mahakama ya mwanzo saa mbili kasoro. Nilidhani nimewahi. Benchi zote mbili za nje zilikuwa zimejaa, na wengine wamekaa kwenye majani. Kila mtu na bahasha yake.

"Wote hawa ndoa?" nikamuuliza mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma.

"Ndoa, ndoa! Wewe unadhani kuna kesi ya ng'ombe hapa?" Alikuwa na hasira zake. "Semina hizi. Simu hizi. Wakikaa kwenye vikundi vyao vya kuweka na kukopa, wanafundishana. Zamani mtu anaoa anazikwa naye."

Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu akageuka. Amejitanda kanga vizuri, mtu mzima mwenye heshima zake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hizo ndoa mbovu zamani zilikuwepo, baba. Zilikuwa hazina pa kwenda tu. Mwanamke atoke aende wapi, na shamba la nani, na atakula nini? Mimi nauza nyanya zangu mwenyewe. Ninaondoka."

"Unamwacha mumeo kwa sababu ya nyanya?"

"Kwa sababu ya mume, baba. Nyanya ni nauli."

Watu wakacheka. Mzee akavuta kofia yake mpaka machoni. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu. Katika wale waliokuwa nje pale, wanandoa watatu niliwapelekea posa mimi. Mmoja akaniona, akainama, sijui aliona haya yeye au alinionea haya mimi.

Kesi ya Raya ilianza. Raya aliingia, na mama yake aliyekuwa shahidi wa kwanza, na Mikidadi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akanipita mlangoni akanisalimia vizuri kabisa, "Shikamoo, baba." Shahidi ambaye hajasema hasikilizi wenzake, kwa hiyo nikabaki nje na roho yangu. Nikasimama. Nikakaa. Nikazunguka mti wa mkungu wa pale nje mara sita.

Niliporudi kwenye benchi, mwanamke alikuwa amekaa kwenye nafasi yangu. Mtandio wake ameufunga chini ya kidevu, upande mmoja ameushusha zaidi ya mwingine.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Umenisahau?"

Sikuwa nimemsahau.

"Samahani, mwanangu," nikasema. "Sikumbuki kama tumeonana."

"Si kitu. Mimi naitwa Shadya, natoka Dakawa. Nilikuwa mke wa Mikidadi kabla ya binti yako. Dada Cecilia kaniomba nije kutoa ushahidi." Akatabasamu kidogo. "Mimi nakukumbuka. Ulinipa chai."



* * *

Wasomaji wangu, wiki zote hizi nimewaeleza mengi, na mmenionea huruma, wengine mmeniandikia. Hili sikuwaeleza. Sikumweleza mtu yeyote.

Mshenga kazi yake si kupeleka posa tu. Kazi yake ni kupeleleza. Unakwenda kwa majirani wa mwanaume, unakwenda msikitini kwake, na kama aliwahi kuoa, unamtafuta mke aliyemwacha unamuuliza. Ndoa kumi na tisa nilifanya hivyo. Ya ishirini sikwenda.

Shadya alikuja mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku tatu tuandikishe mahari. Alitoka Dakawa mpaka Mlali, akauliza nyumba yangu, akaingia. Raya alikuwa mjini. Mwamvita alikuwa bondeni anachuma maharage. Nikamkaribisha, nikampa chai.

Akashusha mtandio. "Sikio hili halisikii, mzee," akasema. "Kalipiga kwa kiatu. Wewe ndiye mshenga, ulitakiwa uje uniulize. Hukuja, ndiyo maana nimekuja mimi. Usimpe mwanao."

Nilimwangalia sikio. Nilimwamini. Nataka mjue hilo, nilimwamini palepale.

Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamshukuru. Niliporudi ndani nikajiambia mke aliyeachwa lazima awe na kinyongo. Nikajiambia watu hubadilika. Nikaiona mashine ya mpunga, nikaiona nyumba ya bati la rangi, nikajiona mimi, Hashimu, baba mkwe wa Mikidadi wa Dakawa, ninavyopita mjini wananiita mzee. Nikaosha kikombe cha chai mwenyewe ili Mwamvita asiulize nani alikuja.

Basi. Hilo ndilo.

* * *

Karani akaniita jina. Nikaingia.

Nilikula kiapo. Hakimu alikuwa mama kijana, na kulia na kushoto kwake washauri wawili, wazee wa kawaida kama mimi. Raya alikaa mbele, mkono wake ule umejikunja kiwikoni kama aliyebeba kitu. Tangu nimpeleke Dakawa mara ya mwisho, alikuwa hajanitazama machoni.

Nikasema. Nilisema yote ya mara tatu. Mara ya kwanza, mdomo umevimba, nilimrudisha kesho yake. Mara ya pili, alama za mkanda mgongoni, nilimrudisha palepale. Mara ya tatu, alinishika kanzu akaniambia, baba, ataniua. Nikavitoa kwenye kanzu yangu vidole vyake kimoja kimoja, nikamwita dereva.

"Kwa nini ulimrudisha?" hakimu akauliza.

"Kwa sababu ya jina langu, mheshimiwa."

Mikidadi akaangalia viatu vyake. Hakuwa na swali la kuniuliza. Na Raya, mwanangu Raya, akainua uso akanitazama. Alikuwa analia, lakini alinitazama. Nyuma yake Mwamvita akatikisa kichwa mara moja, taratibu, kunikubali.

Nimerudi nyumbani, nikajiambia. Namshukuru Mungu, nimerudi nyumbani.

"Mshauri wa kwanza, una swali?" hakimu akasema.

"Sina."

"Mshauri wa pili?"

Huyu wa pili alikuwa mzee wa mlimani, koti lake la baridi kalivaa na jua lote lile. Akajikohoza.

"Bwana Hashimu, mimi nimewahi kuwa mshenga. Wewe ulikuwa baba wa binti na mshenga pia?"

"Ndiyo."

"Huyu kijana alikuwa ameshaoa na kuacha?"

"Ndiyo."

"Sasa mshenga haendi kuuliza? Huyo mke wa kwanza, wewe uliongea naye kabla hujamwoza mtoto?"

Aliuliza bila ubaya. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake.

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka pale niliposimama niliona pindo la mtandio wa Shadya kwenye benchi la nje. Baada yangu ataitwa yeye. Nikisema sikuongea naye, atakuja kusema tuliongea. Nikisema niliongea naye, Raya ananisikia sasa hivi.

"Jibu, mzee," hakimu akasema.

"Niliongea naye."

"Akakwambiaje?" mshauri akauliza.

Ulimi haukutaka. Nikausukuma.

"Aliniambia anapiga. Alinionyesha sikio. Aliniambia nisimpe mwanangu."

Raya alisimama. Hakimu akamwambia akae, hakukaa.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua, mama."

Nilimwita mama, kama nilivyokuwa namwita alipokuwa mdogo. Nilisubiri anitukane. Nilisubiri alie, au atoke nje. Yote nilikuwa nimejiandaa nayo.

Hakufanya hata moja. Alinigeuzia mgongo, akamwangalia mama yake.

"Na wewe, mama? Na wewe ulijua?"

Swali la bure, nikawaza. Mwamvita alikuwa bondeni. Kikombe nilikiosha. Miaka miwili sijafungua kinywa. Sasa hivi atasema hapana, atanilaani mbele ya hakimu, na nitastahili.

Mwamvita alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono miwili. Alikuwa anaangalia sakafu.

Nilisubiri aseme hapana. Raya alisubiri. Hata hakimu aliweka kalamu chini, akasubiri. Ile hapana haikuja.